Uzi: Kwasi, Kofi, Akua: majina ya siku ambayo Waakan walivuka nayo bahari

MtuWaPangani

Wakuu, habari za jioni.

Mada hii nimetembea nayo tangu mwaka juzi nilipopelekwa Ghana kikazi kwa wiki tatu. Nimejaribu kuisimulia kijiweni haifiki mwisho, kila mtu ana lake. Leo naishusha hapa kwa utulivu. Ni ndefu, kaeni vizuri.

Jumamosi moja mwenyeji wangu, mtu wa kabila la Wafante, alinipeleka Cape Coast. Pale juu ya mwamba kuna ngome nyeupe, mawimbi yanaipiga miguuni. Waingereza waliishika mwaka 1664 wakaifanya makao yao makuu ya biashara ya watu kwenye pwani iliyoitwa Pwani ya Dhahabu. Tuliteremka kwenye shimo walimofungiwa wanaume. Giza, unyevu, vitundu vichache vya hewa juu kabisa karibu na dari. Mtembeza wageni akatuomba tutazame tulipokanyaga. Akamulika tochi kwenye sehemu ndogo iliyochimbuliwa, sakafu ya zamani ikaonekana chini. Kwingine kote tulikuwa tumesimama juu ya tabaka jeusi la kinyesi, damu na mabaki ya chakula, limegandamana kwa miaka mpaka likawa gumu kama saruji. Nilitamani kunyanyua miguu yote miwili kwa pamoja. Na juu ya shimo hilohilo ndipo wenye ngome walipokuwa wakisali.

Halafu mnatolewa kwa mlango wa baharini, ule ambao waliopita hawakurudi. Nilitegemea kukuta ukimya. Nje nikakuta mitumbwi ya rangi, wanaume wanashona nyavu, harufu ya samaki, na mama mmoja anamwita mwanawe kwa sauti, "Kofi! Kofi!" Nikamuuliza mwenyeji wangu jina lile maana yake nini. Akasema, "Amezaliwa Ijumaa." Nikamwambia basi kwetu huyo ni Juma. Akasimama. Hakujua kwamba na sisi tuna Juma na Mwanajuma, Hamisi na Mwanahamisi, Jumanne na Jumapili. Tukakaa kwenye ukingo wa mtumbwi akanieleza Kofi amefika wapi. Ninayoandika ni aliyonifungulia yeye siku ile, pamoja na niliyoyasoma mwenyewe tangu niliporudi.

Waakan siyo kabila moja. Ni jamaa kubwa ya watu wenye lugha zinazokaribiana: Waasante, Wafante, Waakyem, Waakwamu, Wadenkyira, Wabono na wengine, kusini na katikati ya Ghana mpaka ndani ya Côte d'Ivoire. Kwetu jina la siku anapewa anayepewa. Kwao kila mtoto analo, hata akiwa na majina mengine matano. Mwanamume wa Jumapili ni Kwasi, Jumatatu Kwadwo, Jumanne Kwabena, Jumatano Kwaku, Alhamisi Yaw, Ijumaa Kofi, Jumamosi Kwame. Wanawake kwa mpangilio huohuo ni Akosua, Adwoa, Abena, Akua, Yaa, Afua na Ama.

Sasa karani wa shamba la miwa kule Jamaica aliandika alivyosikia. Kwasi akawa Quashie. Kwadwo akawa Cudjoe, Kwaku akawa Quaco, Yaw akawa Quao, Kofi akawa Cuffee. Akosua akawa Quasheba, Adwoa Juba, Abena Beneba, Akua Cuba, Afua Phibba. Madaftari ya mali ya mashamba yale yapo mpaka leo, na majina haya yameorodheshwa humo pamoja na ng'ombe na nyumbu, kila mtu na bei yake. Mtu amenyang'anywa mama, kijiji na lugha, na sisi leo bado tunajua alizaliwa Jumatano.

Naendelea kesho na vita vya Jamaica.

Kibibi_M

Naweka kambi hapa, kaka. Ila kabla hujaendelea: nimewahi kukutana na neno Coromantee. Ndio haohao?

MtuWaPangani

Dada Kibibi, ndio hao. Kormantse ni mji wa Wafante pwani. Waingereza walijenga ngome pale miaka ya 1630, Waholanzi wakaiteka 1665 na kuipa jina la Amsterdam. Jina la mji likageuka chapa ya sokoni. Mnunuzi wa Barbados au Jamaica akisikia Coromantee alielewa mtu mwenye nguvu, asiyelalamika, na atakayekuua ukigeuka. Waliwataka na kuwaogopa kwa wakati mmoja. Barbados mwaka 1675 iligunduliwa njama ambayo wapangaji wake walikuwa wameshamchagua Mwakan mmoja mzee awe mfalme. Jina lake? Cuffee. Makumi ya watu waliuawa, na baadhi yao walichomwa moto wakiwa hai.

Chumbe77

Mleta mada, hapo naomba nikuongezee jambo. Siyo kila aliyeandikwa Coromantee alikuwa Mwakan. Meli zilizotoka pwani ile zilibeba pia watu wa Ga, Waewe, Waguan, na watu wengi wa kaskazini ambao Waasante waliwateka au kuwapokea kama kodi. Wote walibandikwa jina moja la bandari. Huko ng'ambo wengi wakaliingia jina lenyewe, wakaapa viapo vya Kiakan na kuzikana kama ndugu wa damu. Kwa hiyo ukikuta Cuffee kwenye daftari, huwezi kusema moja kwa moja kwamba mama yake alikuwa Mfante.

MtuWaPangani

Sahihi kabisa mkuu, na asante. Niongeze tu ukubwa wa jambo: watu waliopakiwa kutoka Afrika kuvuka Atlantiki wanakadiriwa kuwa milioni 12.5, na Pwani ya Dhahabu peke yake ilitoa kama milioni 1.2. Humo ndimo walimo hao wote uliowataja.

Haya, Jamaica.

Cudjoe, yaani Kwadwo, aliongoza watoro wa upande wa magharibi, kwenye nchi ya vilima vya chokaa na mabonde yaliyochimbika kama mabakuli, askari akiingia hatoki. Nduguye aliitwa Accompong, ambalo ni jina la Kiakan la Acheampong, na kijiji chenye jina hilo kipo mpaka leo. Kila tarehe 6 Januari wanakusanyika pale chini ya mwembe mmoja mkubwa wa kale. Mashariki, kwenye milima ya Blue Mountains, alikuwepo mwanamke, Nanny. Inadhaniwa jina lake limetokana na "nana", neno la heshima kwa Waakan kwa mkubwa au mtawala.

Waingereza waliwapiga kwa zaidi ya miaka kumi wasiwaweze. Watoro walipashana habari kwa abeng, pembe la ng'ombe linalopulizwa ubavuni. Neno lenyewe ni la Kitwi, lugha ya Waakan: abɛn, pembe. Wenzetu wa Lamu na Pate wafikirie siwa, ila hii inalia msituni kuambia watu adui amefika kilima gani.

Tarehe 1 Machi 1739 Cudjoe alifunga mkataba. Walipata ardhi na uhuru wao. Lakini ndani yake kuna kifungu ambacho kila nikikisoma kinanichoma: mtumwa yeyote atakayetoroka baada ya hapo, watoro wamkamate wamrudishe kwa bwana wake. Na walitimiza. Mwaka 1760, siku za Pasaka, kiongozi aliyeitwa Tacky, Coromantee, aliwainua watumwa wa parokia ya St Mary. Walivamia ngome ya Port Maria wakachukua bunduki na baruti, na moto ukasambaa kisiwani kwa miezi. Aliyempiga Tacky risasi alikuwa mtoro wa mkataba.

Mwaka huohuo mjini Kingston, watumwa walimchagua mwanamke mmoja wawe na malkia. Alikaa chini ya kitambaa cha heshima kama wanavyokaa watawala wa Kiakan chini ya miavuli yao, amevaa joho na taji. Daftari linamwita Cubah. Ni Akua huyo. Walimhukumu kuhamishwa kisiwani, akamshawishi nahodha amteremshe pwani ya Jamaica hiyohiyo. Alikaa huru muda kidogo, akakamatwa, akanyongwa.

SitiWaKisauni

Ndugu yangu, hilo neno "watoro" umelitumia nami likanishika mkono. Huku kwetu pwani ya Kenya neno hilo si la vitabuni. Watumwa waliotoroka mashamba ya Malindi na Mombasa walijijengea vijiji vyao bara. Fuladoyo ilikuwa ya watoro, na Witu iliwapokea wengi kabla ya Wazungu kuingia.

Bibi yangu alizaliwa Freretown, pale walipowekwa watu walioteremshwa kutoka majahazi ya watumwa tangu miaka ya 1870. Babu yake yeye tunamjua kwa jina la Mabruki tu. Sasa Mabruki ni jina ambalo mtu alipewa na bwana wake, kama Farjala, kama Songoro. Jina alilotoka nalo kwao hakuna anayelijua, wala kwao hatupajui. Yao? Nyasa? Tunabahatisha. Nimesoma hapa kwamba Akua alibaki Akua mpaka kwenye kitanzi, nimeweka simu chini nikalia.

Kibibi_M

Pole sana da Siti.

MzeeKapera

Vijana, mada nzuri, ila tusidanganyane. Nani aliyewauza hao watu? Siyo Wazungu walioingia misituni. Waasante waliteka, Wafante wakasimamia pwani, wakalipwa bunduki na nguo. Mkishaeleza ushujaa wa Cudjoe elezeni na hilo.

MtuWaPangani

Shikamoo mzee. Sitalikwepa. Mwenyeji wangu mwenyewe, Mfante, aliniambia pale kwenye mtumbwi, "Na sisi tulikuwa madalali." Hakutazama pembeni aliposema.

Mzee, nikupe habari ya Waakwamu, maana ndiyo iliyonifanya nishindwe kugawa watu mafungu mawili.

Akwamu ilikuwa dola kubwa mashariki ya Pwani ya Dhahabu. Mwaka 1693 mtu wao mmoja, Asameni, aliiteka ngome ya Wadenishi ya Christiansborg pale Osu, Accra. Aliingia na watu wake kama wanunuzi wa bunduki, wakaomba wazikague, na waliposhika bunduki mikononi biashara ikaishia hapo. Akakaa kwenye ngome kama mwaka, akapandisha bendera yake, kisha akawarudishia Wadenishi kwa malipo ya dhahabu. Funguo hakurudisha. Ziko Akwamufie, mji wa Waakwamu, mpaka leo, kwenye hazina ya kiti cha ufalme.

Akwamu hiyohiyo ilivamia majirani na kuuza watu, mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1730 Waakyem na wale majirani waliochoka wakaiangusha. Na walioangushwa wakauzwa: askari, watu wa ukoo wa kifalme, na watu ambao siku zilizotangulia wao ndio waliokuwa wanahesabu mateka. Wengi walipita mikononi mwa Wadenishi walewale mpaka kisiwa cha St John, kule Karibi.

Kisiwa kile kilikuwa kimepigwa na ukame na kimbunga, chakula hakuna, na gavana ametoa sheria ya kuwakata miguu na masikio watoro. Asubuhi ya tarehe 23 Novemba 1733 watumwa kadhaa walipanda kilimani kwenye ngome ya Coral Bay wamebeba kuni, kama walivyozoea. Ndani ya mafungu ya kuni walikuwa wameficha visu vya kukatia miwa. Waliwaua askari, ila mmoja aliyejificha akaokoka. Wakafyatua mizinga kuwaambia wenzao walioko mashambani. Walishikilia sehemu kubwa ya kisiwa kwa miezi, mpaka 1734 Wafaransa walipoleta askari kutoka Martinique. Kati ya viongozi alikuwepo mwanamke, Breffu. Wengi wakajiua kuliko kurudi shambani.

Mzee, niambie hao tuwaweke fungu gani. Mtu aliyeuza ndiye aliyeuzwa, na pengine kwenye meli alikaa mnyororo mmoja na aliyemuuza ndugu yake. Ila aliyejenga ngome, akaleta bunduki, na akarudi kila msimu na meli tupu kutaka nyingine ijazwe, huyo hakuwa Mwakan.

MzeeKapera

Marahaba. Hapo umeongea kama mtu mzima. Endelea.

Mlondoni

Mimi niko kusini ya London, jirani yangu ni bibi wa Kijamaika, amezaliwa milimani kule, sasa ana miaka themanini na kitu. Mwaka jana aliniletea kitu kimefungwa kwenye jani la mgomba, kimefungwa kamba. Akakiita dukunu. Unga wa mahindi, nazi, sukari na viungo, umechemshwa ndani ya jani. Nikampelekea kipande Mghana ninayefanya naye kazi. Alikinusa, akasema, "Hii ni dokono." Kwao haitiwi sukari, ni unga wa mahindi uliochachushwa, una ukali, unaliwa na samaki na pilipili. Jina limebaki, jani limebaki, utamu umeingia Karibi.

Bundi bibi huyo anamwita patoo. Yule Mghana akasema kwao ni patu. Na "Quashie" uliyemtaja, bibi aliposikia nimelitamka alikunja uso. Kwao utotoni ilikuwa tusi: mshamba, mjinga asiyejua kusimama mbele ya watu. Nilipomwambia kwamba ni jina tu la mtu aliyezaliwa Jumapili alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema baba yake mdogo aliitwa hivyo na watu wote, na maisha yake yote alidhani wanamtukana.

MtuWaPangani

Mlondoni, asante kwa hiki. Suala la tusi nililisoma, ila sikuwa na mtu wa kunionyesha uso.

Ongeza Anansi kwenye orodha yako. Kwa Kiakan ananse ni buibui, na hadithi zote huitwa anansesem, maneno ya buibui, hata kama buibui mwenyewe hayumo. Jamaica ni Anansi, Suriname ni Anansi pia, Curaçao wanamwita Nanzi, na kusini ya Marekani aligeuka mwanamke, Aunt Nancy. Ni sungura wetu yuleyule kwa tabia: mdogo, dhaifu, mlafi, anamshinda simba kwa maneno. Watu waliokuwa chini ya kiboko walihitaji kusikia kila usiku kwamba mdogo anaweza kushinda.

Kibibi_M

Na Marekani kwenyewe je? Nimesikia habari za makaburi ya New York yenye alama ya sankofa.

MtuWaPangani

Ndio dada. Mwaka 1991 walipokuwa wanachimba msingi wa jengo la serikali Manhattan walikuta makaburi ya Waafrika ya enzi za utumwa. Mabaki ya watu 419 yalitolewa, yakazikwa upya kwa heshima mwaka 2003. Jeneza moja lilikuwa na misumari midogo iliyopangwa kwa umbo la moyo, nalo ni sankofa, alama ya Kiakan ya kurudi nyuma kuchukua ulichokisahau. Na Waakan walikuwepo mjini mle: uasi wa Aprili 1712 New York ulikuwa na Coromantee ndani yake.

Chumbe77

Samahani, nakurekebisha tena. Kuhusu jeneza, wapo wanahistoria waliopinga usomaji huo. Misumari ya umbo la moyo ilikuwepo pia kwenye majeneza ya Wazungu wa wakati ule, na hakuna ushahidi kwamba alama ya sankofa ilitumika kwa umbo hilo miaka hiyo. Iache kama dhana. Kwa Marekani kuna mtu wa uhakika zaidi: Paul Cuffe, aliyezaliwa 1759 Massachusetts. Baba yake alikuwa Kofi, Mwakan aliyepata uhuru wake, mama ni Mwampanoag, wenyeji wa nchi ile. Familia iliacha jina la bwana, Slocum, ikachukua Cuffe, jina la baba, liwe la ukoo. Paul akawa na meli zake mwenyewe, na 1815 akasafirisha watu weusi 38 kwa meli yake kwenda Sierra Leone.

MtuWaPangani

Nakubali, nimeliandika kama jambo lililokwisha na siyo hivyo.

Namalizia na Kofi mwingine. Berbice, koloni la Waholanzi, sasa ni sehemu ya Guyana. Tarehe 23 Februari 1763 watumwa wa shamba la Magdalenenberg, kwenye mto Canje, waliinuka, na baada ya wiki chache karibu koloni lote lilikuwa mikononi mwao. Kiongozi wao Waholanzi walimwandika Cuffy. Alimtumia gavana Van Hoogenheim barua akipendekeza wagawane nchi: Wazungu sehemu moja, weusi huru sehemu nyingine. Fikiria, mwaka 1763! Gavana akamjibu kwa kuvuta muda huku anasubiri meli za msaada. Ndani kukaingia mgawanyiko, Cuffy akapoteza uongozi akajiua, na uasi ukazimwa mwaka uliofuata. Guyana ilipoamua kuwa jamhuri mwaka 1970 ilichagua tarehe hiyohiyo, 23 Februari. Sanamu yake ya shaba imesimama Georgetown tangu 1976. Nanny naye yuko kwenye noti ya Jamaica ya dola 500, mkononi mwa kila muuza mboga.

Na upande wa Ghana milango imeanza kufunguka. Mwaka 1998 mabaki ya watumwa wawili, mmoja kutoka Jamaica na mwingine kutoka Marekani, yaliingizwa Cape Coast kwa mlango uleule wa baharini, safari hii kutoka nje kwenda ndani, yakazikwa Assin Manso, kwenye mto ambao mateka waliogeshwa mara ya mwisho kabla ya kufikishwa pwani. Novemba 2024 Ghana ilitoa uraia kwa watu 524 wa uzao huo kwa siku moja. Najiuliza ni wangapi kati yao waliulizwa pale wamezaliwa siku gani.

SitiWaKisauni

Kaka, nimemuuliza mama usiku huu. Anasema nilizaliwa Jumatano, alfajiri, mvua inanyesha. Kwa Waakan ningeitwa nani?

MtuWaPangani

Akua, dada yangu. Kama yule wa Kingston.